Mchakamchaka: Asubuhi za Amri

Kaa kijiweni na mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1990, kisha mpe dakika kumi tu. Kabla hazijaisha atakuwa ameshakuambia kwamba watoto wa siku hizi wavivu, hawajui kuamka, na kwamba enzi zao, bwana, mtu alikuwa anakimbia mchakamchaka jua likiwa bado limelala. Atasema hayo kwa raha, macho yanang'aa, utadhani anasimulia harusi yake. Sasa muulize alikuwa amekula nini kabla ya kukimbia. Atanyamaza kidogo, halafu atacheka.

Mimi nimeipenda hiyo kimya yake kuliko maneno yote aliyotangulia kuyasema.

Maana siku hizi kila mtu anatufundisha kuamka mapema. Vitabu vya kujiendeleza vimejaa kwenye meza za wamachinga pale mjini, kila kimoja kinaahidi kwamba ukiamka alfajiri ukajisemea maneno mazuri, maisha yatakunyookea. Sisi tumewahi kuwa na nchi nzima inayoamshwa alfajiri na kusemeshwa maneno mazuri. Tena huku inakimbia. Kwa hiyo jambo hili si la kubahatisha, lina historia yake, na historia hiyo ina utamu na ina fimbo.

Tuanze na saa. Saa ya Kiswahili haihesabu kama ya Mzungu. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Mchakamchaka ulikuwa saa kumi na mbili, au kabla yake, yaani pale ambapo hesabu ya usiku inakwisha na ya mchana haijaanza. Kengele yenyewe mara nyingi ilikuwa rimu ya gari imening'inizwa mwembeni, ikigongwa na chuma. Watoto wanatoka na mafagio, wengine na kidumu cha maji, miguu mitupu kwenye umande. Mwalimu wa zamu anasimama na fimbo. Kiranja anaandika majina ya wachelewaji. Kisha mistari miwili miwili, kiongozi wa nyimbo mbele, na safari imeanza: kuizunguka shule, kuingia kijijini, kurudi. Baada ya hapo ni usafi, kukaguliwa kucha na nywele, gwaride, bendera, wimbo wa taifa, ndipo darasani.

Ilitoka wapi? Kukimbia kwa hatua moja huku mnaitikia ni mambo ya kambini, na kambi kwetu zilikuwa karibu sana na vijana. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Januari 1964 askari wa jeshi tulilorithi kwa Waingereza waliasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, na serikali ikalivunja jeshi lile. Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi, likichota vijana wake kwa wingi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT. Tangu hapo askari, kijana na mwanachama wakawa wanavaa kiatu kimoja. Ukakamavu ukawa fadhila ya uraia. Kutoka kambini hadi uwanja wa shule ya msingi si mbali.

Lakini si wote waliopokea kwa mikono miwili. Mwaka 1966 serikali ilipitisha kwamba wahitimu wa elimu ya juu lazima waende JKT, na baadaye wafanye kazi kwa muda huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine wakaandamana mpaka Ikulu na mabango yao. Bango moja lilisema, kwa maana yake, kwamba miili yao itakwenda lakini roho zao haziendi. Mwalimu Nyerere alikasirika. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, na yeye mwenyewe akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Bango lile limenikaa kichwani. Wengi wanalicheka kwamba lilikuwa la wasomi waliodeka, na kweli, kudeka kulikuwapo. Ila swali lililomo ndani yake halijafa: je, unaweza kumwamrisha mtu ajifanye upya? Mwili unaamka kwa kengele, sawa. Roho je, nayo inaamka kwa kengele?

Mwaka uliofuata jibu la serikali lilikuwa kubwa. Februari 5, 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Kijitabu hicho hasa ni cha mashamba ya shule, kazi za mikono, mitihani, na kiburi cha msomi anayemdharau mkulima mzee. Ila kiliifungulia shule mlango wa kuwa kambi ndogo ya taifa. Na mwili wenyewe ukaanza kutumika kama sahihi ya kuunga mkono. Vijana walitembea kwa miguu kutoka mikoani kwenda Dar es Salaam kulipokea Azimio. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani akitokea Arusha. Oktoba 1967 Nyerere naye akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200. Rais anatembea, wewe mtoto wa darasa la tatu utasema umechoka?

Hapa niwakatize kidogo wazee wetu wa kijiweni wanaosema mchakamchaka ndio uliotuletea wanariadha. John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968 na mguu uliojeruhiwa, alikuwa ni mtu mzima wa miaka 30 hivi. Azimio lilimkuta keshakuwa mkimbiaji. Tusiupe mchakamchaka sifa zisizo zake, zake zinatosha.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, idadi ya wakimbiaji iliongezeka mno. Mtoto ambaye nyumbani alisema Kihaya au Kisukuma, hapa alikihema Kiswahili. Halafu ikaja vita. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Katika miezi hiyo nyimbo za asubuhi zilimtukana Amin kwa kila namna. Kiitikio maarufu kuliko vyote, kile kinachowataka wakimbiaji kuchinja, kilipata mtu wa kumchinja. Jamani, watoto wa miaka minane! Leo tunakiimba kwenye sherehe tukicheka, lakini neno ni lilelile.

Na njaa ilikuwapo. Miaka iliyofuata vita tuliambiwa tufunge mikanda. Sukari, sabuni na unga vikawa vya foleni. Mtoto alikimbia na tumbo tupu huku anaimba kwamba nchi inasonga mbele. Ndipo inapotoka ile kimya ya kijiweni.

Sasa nifike kwa mtu niliyemlenga tangu mwanzo, nanyi wenzangu mnaoandika mtege sikio: kiongozi wa nyimbo. Mwalimu alikuwa na fimbo, kiranja alikuwa na daftari, ila maneno yalikuwa yake. Hebu fikiria kazi yake. Mstari lazima uishe ndani ya pumzi moja. Silabi nzito lazima iangukie mguu. Wenzake wakiitikia, ana hatua nne au tano tu za kuutafuta mstari unaofuata, na hawezi kusimama kufikiri. Mkifika kwenye kilima mistari inafupika yenyewe. Mkiteremka anaweza kuirefusha, kuichezea, hata kuingiza jina la mtu. Sisi tunakaa mezani tunahesabu mizani kwa vidole, tukikwama tunachemsha chai. Yule alihesabu kwa nyayo.

Mjomba wangu mmoja alikuwa kiongozi wa nyimbo mwanzoni mwa miaka ya 80. Shule yao siitaji. Aliniambia kwamba siku moja, baada ya kuimba chama, mabepari, kupe na mirija yao, maneno yakamwishia, akajikuta ameutia unga wa njano kwenye wimbo. Ule unga wa mahindi ya msaada, ambao kila mtu alikuwa anaula na hakuna aliyekuwa anausema. Mstari wote nyuma yake ukalipuka kwa kicheko, na kuitikia kukawa na nguvu ambayo chama hakijawahi kuipata. Alichapwa viboko vinne. Wiki iliyofuata akaurudisha kwa mafumbo: akauita bibi harusi aliyepakwa manjano, aliyekuja na meli, ambaye wanaume wote wa kijiji wamemwoa. Mwalimu wa zamu akaitikia pamoja nao. Mpaka leo mjomba hajui kama mwalimu hakuelewa au alielewa sana.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu la bango la 1966. Mwili ulikwenda kwa amri, ni kweli, lakini roho haikubaki nyumbani kama wale wanafunzi walivyodhani. Ilikwenda, ikapata mlango wake humohumo ndani ya amri.

Kufa kwake hakukutangazwa. Mwaka 1986 tukakubaliana na IMF, 1991 likaja Azimio la Zanzibar, 1992 vyama vingi, na mwaka 1994 vijana wa mujibu wa sheria wakasimamishwa kwenda JKT mpaka 2013. Mjini shule zikajaa, barabara zikawa hatari, mabasi ya shule binafsi yakaanza kuokota watoto gizani. Mtoto wa leo anaamka mapema kuliko mjomba wangu, tena sana. Tofauti ni kwamba anasinzia kwenye kiti badala ya kuimba.

Halafu, kumbe! Pita barabara za Dar es Salaam Jumamosi au Jumapili alfajiri. Utakutana na klabu za mbio za mitaani, watu wazima na fulana za rangi moja walizojinunulia, wengine na vitambi, filimbi mbele. Mwaka 2016 serikali nayo iliingia, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akihimiza watu wafanye mazoezi pamoja kwa sababu ya kisukari na shinikizo la damu. Ila klabu nyingi hazikusubiri kuambiwa. Humohumo wanachangiana misiba na kutembeleana wagonjwa. Na nyimbo ni zilezile za shule, maneno yamebadilika. Niliisikia moja ikiwasema wanaokimbia madeni ya vikoba, na waliokuwa wanacheka zaidi walikuwa, bila shaka, wadaiwa.

Mjomba ni mwanachama wa klabu mojawapo. Magoti yanamsumbua, hivyo wanamweka mwishoni, lakini wakiishiwa maneno wanamwita mbele. Nilimwomba aniandikie nyimbo zake zote kwenye daftari nizilete hapa gazetini. Alishika kalamu, akaandika mstari mmoja, akaufuta. Akasema akikaa haziji. Jumapili ijayo nimeazima viatu vya raba.