Milango Miwili ya Prednisoloni: Dawa za Kupunguza Kinga ya Mwili katika Tiba ya Ngozi na Nywele, Handeni na Korogwe

Historia ya ukoma mkoani Tanga mara nyingi husimuliwa kama historia ya dawa za kuua bakteria: dapsoni, kisha dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Masimulizi hayo yana pengo. Dawa inayookoa mikono na macho ya mgonjwa katika saa ya hatari haiui hata bakteria mmoja. Dawa hiyo ni prednisoloni, na kazi yake ni kupunguza nguvu ya kinga ya mwili.

Mgonjwa wa ukoma anaweza kuwa anaendelea vyema na matibabu, kisha kinga yake ikacharuka ghafla dhidi ya mabaki ya bakteria. Mabaka huvimba, neva za kiwiko na goti huuma, na vidole vinaweza kupooza katika majuma machache. Steroidi, jamii ya dawa iliyoanza na kotisoni aliyoitumia Philip Hench nchini Marekani mwaka 1948 kutibu baridi yabisi, hutuliza mcharuko huo. Kipimo cha kuanzia kilichozoeleka kilikuwa miligramu 40 kwa siku, kikipunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki 12 au zaidi.

Mlango wa kwanza wa dawa hii ulikuwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977, pamoja na waratibu wake wa wilaya. Kuyaweka magonjwa hayo mawili chini ya mratibu mmoja kulikuwa na faida ambayo pengine haikukusudiwa: steroidi huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na mratibu huyo alikuwa mtu wa kukitambua. Umbali, hata hivyo, ulibaki kikwazo. Korogwe ilikuwa na reli na barabara kuu. Handeni, iliyojumuisha Kilindi hadi mwaka 2002, ilikuwa pana mno kwa mgonjwa aliyepaswa kurudi kila mara kupunguziwa kipimo. Kuikatiza dawa ghafla ni hatari, kwani baada ya majuma mengi mwili huwa umeacha kujitengenezea homoni hiyo vya kutosha.

Mlango wa pili ni duka. Krimu zenye klobetasoli, nyingine zikichanganywa katika mkorogo, hununuliwa bila cheti. Sheria ya mwaka 2003 iliweka chakula, dawa na vipodozi chini ya mamlaka moja. Mwaka 2019 vipodozi vikahamishiwa Shirika la Viwango. Athari kubwa, kwa maoni yangu, iko kichwani mwa mtoto. Nywele zinazonyonyoka kwa mabaka kwa sababu kinga inashambulia mizizi yake huweza kuota tena kwa steroidi. Mapunye, ambayo ni fangasi, hufichika na kuenea kwa krimu hiyohiyo. Kuyatofautisha ni miongoni mwa kazi za matabibu wanaofunzwa tangu mwaka 1992 katika Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, KCMC, Moshi.

Mlango wa kwanza uliacha kadi na rejesta. Wa pili haukuacha karatasi, hivyo historia yake itakusanywa kwa mahojiano na wauzaji, wasusi na akina mama wa Korogwe na Handeni.