Pamba, Kiboko na Hasira ya Uzaramo

Wako wanaoueleza ukatili wa binadamu kana kwamba ni maradhi ya damu, urithi tuliotoka nao porini. Wakoloni waliipenda sana hoja hiyo, maana iliwaepusha kuulizwa waliyoyatenda wao. Mwanafunzi wa Mlandizi au wa Kisarawe hana haja ya kwenda mbali kuipima. Historia ya ardhi anayoikanyaga yatosha.

Uzaramo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuonja kilimo cha pamba cha shuruti. Mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliamuru kila jumbe awe na shamba la pamba, na watu wake walilime siku 28 kwa mwaka. Katika wilaya ya Dar es Salaam malipo yalikuwa senti 35 kwa mtu, na wako waliokataa kuzipokea. Hapo ndipo pa kutazamwa kwa makini. Mwenye shida ya fedha tu angezichukua, hata zikiwa chache. Aliyezikataa alikwisha kujiona ametukanwa.

Nyuma ya jumbe alisimama akida, na nyuma ya akida askari mwenye kiboko. Adhabu iliitwa hamsa ishirini, yaani viboko 25. Maumivu ya mgongo hupoa. Lakini mtu mzima aliyelazwa kifudifudi mbele ya watu hurudi nyumbani na jambo jingine, asiloweza kumweleza hata mkewe.

Na mpigaji je? Askari wengi walikuwa Waafrika, na maakida wengi watu wa pwani. Akida naye alikuwa na hofu yake: pamba isipopatikana, yeye ndiye aliyeulizwa. Basi hofu iliteremka kutoka ofisini hadi shambani, na kila iliposhuka ilizidi ukali.

Julai 1905 Wamatumbi waliing'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa mwezi uliofuata, lakini dawa yake ilikuwa imekwisha kuenea. Maji hayakuzuia risasi; yaliondoa woga, nao woga ndio uliokuwa umeifunga hasira. Uzaramo nayo ikainuka, na kiongozi wake Kibasila akanyongwa. Hasira hiyo haikuwapata wenye hatia peke yao: Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakielekea Liwale.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Algeria, alieleza mwaka 1961 kwamba mtawaliwa humrudishia mkoloni ukatili aliofundishwa naye. Kwa wakulima wa pamba maelezo hayo yanafaa. Hayatoshi kueleza yaliyofuata, wakati majeshi ya Wajerumani yalipochoma vijiji na kuharibu chakula ili njaa imalize vita. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha 250,000 na zaidi. Wengi wao hawakuguswa na risasi. Waliochoma maghala ya nafaka hawakuwa wamepandwa na hasira yoyote. Walikuwa wakitekeleza mpango uliokubaliwa mezani.