Gari Lipozwalo kwa Hewa na Mbio za Mnyooko: Historia na Istilahi Zake

Miongoni mwa kazi ziletwazo kwenye dawati la istilahi siku hizi, zimo tafsiri za vipindi vya televisheni vihusuvyo magari. Aghalabu vipindi hivyo huonyesha mafundi wakiandaa motokaa kuukuu, kisha wakiipeleka kwenye njia iliyonyooka ishindane na nyingine kwa muda usiofika robo dakika. Huenda jambo hilo likaonekana kuwa la mchezo tu. Lakini mfasiri akikosea majina matatu au manne, mtazamaji hataelewa ni nani aliyeshinda wala kwa nini. Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia ya gari moja na ya mashindano hayo, ili tuonyeshe kanuni moja: istilahi ifaayo huchimbwa katika kazi ya kitu chenyewe, si katika umbo la neno la kigeni.

Tuanze na gari. Injini ichomayo petroli hutoa joto jingi kuliko nguvu ifikayo magurudumuni. Joto hilo lisipoondolewa, pistoni hukwama ndani ya silinda. Magari mengi huliondoa kwa maji yazungukayo kati ya injini na rejeta. Ferdinand Porsche, ambaye mwaka 1934 alipewa mkataba wa kubuni gari la watu wengi nchini Ujerumani, alifuata njia nyingine. Silinda nne za gari lake zililazwa, mbili upande huu na mbili upande wa pili, zikazungushiwa mapezi membamba ya madini, na feni ikawekwa isukume hewa baina ya mapezi hayo. Mafuta ya injini nayo yalibeba sehemu ya joto. Kwa kuwa hapakuwa na maji, hapakuwa na cha kuganda wakati wa barafu wala cha kuchemka wakati wa jua kali. Gari hilo, Volkswagen lenye mgongo wa duara kama kobe, liliendelea kuundwa mpaka Julai 2003, kiwanda cha Puebla nchini Meksiko kilipotoa la mwisho. Jumla yake ilipita milioni 21.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki hawalioni gari hili kuwa geni. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari hilo dogo lilitwaa ushindi mwaka 1954, likarudia mwaka 1957 na tena mwaka 1962. Katika mashindano hayo injini ilijaribiwa kwa siku kadhaa, katika vumbi, matope na milima.

Sasa tulitazameje jina la injini hiyo? Wako wasemao kwa ufupi “injini ya upepo”. Jina hilo lina kasoro, maana katika lugha ya gereji upepo ni ule ujazwao katika tairi. Wako pia waandikao “injini inayopoozwa”. Hapa yatupasa kutahadhari. Kupoza ni kukifanya kitu kipoe. Kupooza, kwa matumizi yaliyoenea, ni kupotewa na nguvu za viungo. Ingawa baadhi ya waandishi huyatumia maneno haya mawili kwa maana moja, mwanafunzi asomaye kwamba injini “imepoozwa” ana haki ya kudhani kuwa imeharibika. Kwa hiyo twapendelea “injini inayopozwa kwa hewa”. Twasema “kwa”, wala si “na”, kwa sababu hewa ni njia tu. Kitendacho kazi ni feni.

Tukitoka katika Safari twende upande wa pili wa dunia, twalikuta gari lile lile katika mashindano yaliyo kinyume kabisa cha hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa California, Marekani, walipenda kushindanisha magari waliyoyaongezea nguvu. Mwaka 1950 sehemu ya uwanja wa ndege wa Santa Ana ilifunguliwa kwa ajili ya mbio hizo, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha kitaifa cha kuzisimamia, kijulikanacho kwa herufi NHRA. Magari mawili husimama sambamba, hupewa ishara, kisha huenda moja kwa moja bila kupinda kona hata moja. Umbali wa desturi ulikuwa robo maili, yaani kama mita 402.

Jina la Kiingereza la mbio hizo limejengwa juu ya neno ambalo katika kamusi lina maana ya kukokota au kuburuta, na asili ya matumizi yake hapa yabishaniwa na wenyewe Wamarekani. Mfasiri mwenye haraka huandika “mbio za kuburutana”. Msomaji naye huyaona magari mawili yaliyofungwa kamba, kila moja likimvuta mwenziwe! Wengine, kwa nia njema, wameandika “mbio za robo maili”. Jina hilo ni bora, lakini historia imelipita: tangu mwaka 2008, baada ya ajali ya kufisha, chama tulichokitaja kiliwapunguzia madereva wa madaraja mawili yenye kasi kubwa kabisa umbali ukawa futi 1,000, yaani kama mita 305. Viko pia viwanja vya thumuni ya maili. Umbali, basi, hubadilika. Lisilobadilika ni unyoofu wa njia. Kwa sababu hiyo tunapendekeza “mbio za mnyooko”.

Volkswagen liliingia katika mbio hizo katika miaka ya 1960. Kampuni ya EMPI ya mjini Riverside, California, iliyokuwa mali ya Joe Vittone, iliuza vipuri vya kuliongezea nguvu, na gari lake la mashindano liitwalo Inch Pincher likapata sifa kwa kuyashinda magari yenye injini kubwa zaidi. Siri yake ilikuwa katika mahali pa injini. Gari liondokapo kwa ghafla, uzito huegemea nyuma. Na katika gari hili injini yenyewe iko nyuma, juu ya magurudumu yasukumayo. Kwa hiyo tairi hushika ardhi badala ya kuteleza, na mara nyingine magurudumu ya mbele huinuka.

Kazi ya kulitayarisha gari kama hilo haifai kuitwa “kutengeneza”, maana katika gereji zetu gari litengenezwalo ni lile bovu. Gari hili ni zima; linaandaliwa. Silinda hubadilishwa kwa zenye kipenyo kikubwa na krenki kwa yenye hatua ndefu, hata ujazo uliokuwa kama sentimita za ujazo 1,200 ukapita 2,000. Kabureta moja ndogo huondolewa, zikawekwa mbili kubwa. Viti visivyohitajiwa hutolewa ili kupunguza uzito. Wako hata wauondoao mkanda wa feni, kwa sababu feni hula sehemu ya nguvu, na mbio za sekunde chache huisha kabla joto halijazidi kiasi. Je, injini hiyo bado yaitwa inayopozwa kwa hewa? Twajibu kwamba yaitwa hivyo, kwa sababu istilahi hutaja muundo wa mtambo, si hali yake ya saa moja. Gari la maji halibadiliki jina rejeta yake ikikauka.

Televisheni ndiyo iliyoleta mambo haya mbele ya mfasiri. Mwaka 2005 kituo cha Speed cha Marekani kilianza kuonyesha kipindi kiitwacho Pinks, kikiongozwa na Rich Christensen. Wenye magari walijadiliana kwanza juu ya masharti, hata kupeana nafasi ya kutangulia, kisha wakashindana; na aliyeshindwa alimwachia mshindi gari lake. Jina la kipindi latokana na rangi ya waridi iliyokuwa ya hati za umiliki wa magari huko California. Mfasiri aandikaye “Waridi” atakuwa ametafsiri rangi na kuipoteza mali. Mtanzania huiita hati hiyo kadi ya gari, na Mkenya huiita logibuku. Tukisema kwamba dereva “ameweka kadi ya gari”, kila mtu ataelewa kilichomo hatarini, na atamhurumia fundi aliyekesha miezi akiandaa gari lake.

Limesalia suala la muda, nalo ndilo zito kuliko yote. Tangu mwaka 1963 ishara ya kuondoka katika mashindano rasmi hutolewa kwa nguzo ya taa, ambayo Wamarekani huifananisha na mti wa Krismasi uliopambwa. Saa ya kila gari haianzi kuhesabu taa ya kijani iwakapo. Huanza gari lenyewe liachapo mstari. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Dereva wa kwanza akawia sekunde 0.9 baada ya taa, kisha akatumia sekunde 12.0 njiani. Wa pili akawia sekunde 0.3, kisha akatumia 12.4. Wa kwanza ana gari lenye kasi zaidi, lakini jumla yake ni 12.9, na ya mwenziwe ni 12.7. Wa pili ndiye aliyetangulia kufika, na ushindi ni wake. Tafsiri ikisema tu “muda wa gari”, mtazamaji ataona mwenye muda mkubwa akipewa ushindi, naye atadhani kuna hila. Kwa hiyo hapana budi kuwa na istilahi mbili: “muda wa kuitika”, ambao ni wa dereva, na “muda wa mwendo”, ambao ni wa gari.

Haya ni mapendekezo, wala si amri. Istilahi haikamiliki mpaka ikubaliwe na waitumiao. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali waipime, na kabla ya yote waisome kwa sauti mbele ya fundi wa magari. Fundi akiitika bila kuuliza swali, istilahi hiyo imepata kwao. Akiuliza, yatupasa tuirudishe dawatini, tukaanze tena kwa kukitazama kitu chenyewe.