Sonona katika mashamba ya chai: vidonge, mazungumzo na dua

Wapo wasemao kuwa jina la Kericho limetokana na neno la Kikipsigis lenye maana ya dawa. Mtu mzima akishikwa na sonona huko, au kwa jirani zao wa Bomet, milango ni mitatu: miti ya mganga, maombi na hospitali. Nasi wa Pwani hatuko mbali naye; tuna mitishamba, tuna kombe na dua, kisha hospitali. Wingi wa milango si tatizo. Tatizo ni mgonjwa kumficha huyu habari za yule.

Dalili

Sonona si huzuni ya siku mbili. Moyo huwa mzito, au raha hupotea, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi; usingizi na hamu ya chakula huharibika, na mtu hujilaumu hata kutamani kufa. Mchuma chai wa mkono hulipwa kwa kilo. Mwili ukilegea kilo hupungua, na deni huzidisha ugonjwa. Wengi hufika zahanati wakilalamikia mgongo, kichwa au moyo kwenda mbio, wakarudi nyumbani na dawa ya maumivu tu.

Matibabu

Mazungumzo ya tiba hayamngoji daktari bingwa. Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii walifunzwa kuendesha vikao vitano kwa wanawake waliopitia dhiki, na utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha walipata nafuu. Hali ikiwa nzito zaidi, vidonge kama fluoksetini husaidia, lakini huchukua wiki kadhaa, na haviachwi ghafla kwa kuwa umeamka vizuri.

Dini na mganga

Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza Bomet mwaka 1937, ina wahudumu wa kiroho wanaofanya kazi pamoja na madaktari. Makueni, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini walifunzwa kutambua sonona kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kuwapeleka hospitali wagonjwa waliozidiwa. Huko ndiko kushirikiana.

Lakini mitishamba si maji. Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa Ulaya kwa ajili ya sonona, hupunguza nguvu za ARV na za vidonge vya kupanga uzazi, na ni hatari kuuchanganya na dawa za sonona. Kwa hiyo mtajie daktari kila unachokunywa.

Sheria

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kuwa kifungu cha 226, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Basi ndugu yako akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa za shambani karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dua msomeeni njiani.

Wazee walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.