Kabla ya LSAT, Mji wa Kale ulikuwa na mirathi

Hivi mwajua kwamba LSAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani, uliondoa mafumbo yake ya mantiki Agosti 2024? Yale ya "huyu akikaa kiti cha kwanza, yule hakai cha pili". Vijana waliyalilia miaka. Mie naona wazee wetu walisoma mazito kuliko hayo hapa hapa mitaa ya Marikiti, tena kwa mali za watu, si kwa viti.

Nazungumzia mirathi. Aliyetaka ukadhi hapa pwani alipitia vitabu vya Kishafi kama Minhaj ya Imamu Nawawi, na mlango wa mirathi si wa mchezo. Deni litoke kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mtoto wa kiume akiwepo, ndugu wa marehemu hapati kitu. Marehemu akiwa na mtoto, mke hushuka kutoka robo hadi thumuni.

Sasa shika kalamu. Mwenye duka amefariki, kaacha mke, binti wawili, baba na mama. Mke thumuni, binti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Jumlisha: 27 juu ya 24! Mali haitoshi. Utaanza kutafuta wa kumtoa, na hakuna. Wote wapunguziwa kwa kiwango kimoja, mali yagawanywa mafungu 27. Kwa shilingi 270,000, mke apata 30,000, kila binti 80,000, baba 40,000, mama 40,000. Thumuni ya mjane imegeuka sehemu ya tisa. Yasimuliwa Sayyidna Ali alilijibu hili akiwa juu ya mimbari. Bila kikokotoo, wallahi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyesoma pia Zanzibar kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Wengi wamkumbuka kwa gazeti lake Al-Islah la 1932. Lakini kazi ya kadhi ndiyo hii, na katiba ya 2010, kifungu cha 170, bado yataja mirathi.

Halafu twaambiwa watoto wa madrasa wakariri tu! Asemaye hivyo na atatue hili: mwanamke amefariki, kaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume nusu, madada theluthi mbili. Nataka nione hesabu, si jibu tupu.