Nukta Tatu
SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Mombasa, Ramadhani ya 2024. Dada yangu Mwanakombo amejifungua mtoto wa kiume baada ya futari, na damu imemtoka nyingi mno. Kila painti ya damu ya O waliyoijaribu maabara iligandana na yake. Saa saba usiku mtaalamu wa maabara akafungua daftari la zamani, akapiga simu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee anayehema. Nikamtambua: Bhai wa leso, wa Mtaa wa Biashara, yule niliyegombana naye mchana kwa shilingi 50.

SASA ENDELEA...

Leso yenyewe nilikuwa nayo kwapani, ya uzazi, mbili zikiwa bado zimeungana na kunuka wanga. Bhai akaitazama, akanitazama mimi.

"Hujaipeleka kwa fundi kukatwa na kupindwa?"

"Bado, Bhai."

"Basi kaa nayo. Mgonjwa yuko wapi?"

Ami yangu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pekee ukumbini, aliinuka akampisha. Saa moja nyuma, aliposikia anayeitwa ni Mhindi mwenye duka, ni yeye aliyenong'ona, "Baniani mbaya kiatu chake dawa." Methali hiyo nimeisema tangu utotoni kama mtu anayehesabu moja, mbili, tatu. Usiku ule, mwenye kiatu akiwa mbele yangu na viatu vyake vimevaliwa kinyume kwa haraka, niliona haya hadi masikio yakawaka.

Mtaalamu wa maabara akatueleza upya, taratibu, maana mara ya kwanza hakuna aliyemsikia. Watu wa damu ya O wana kitu juu ya chembe zao nyekundu kinachoitwa H. Mwanakombo hata hicho hana. Kipimo cha kawaida kinamwita O, lakini ukimpa O mwili wake unaipiga vita. Hii inaitwa damu ya Bombay, kwa sababu iliandikwa na madaktari wa mji huo mwaka 1952. India kwenyewe anapatikana mtu mmoja hivi katika kila 10,000. Mwenye damu hiyo hupokea kwa mwenzake tu.

"Na mtoto haipati mpaka wazazi wote wawili wawe wameibeba," akasema.

Mama akainamisha kichwa. Yeye na marehemu baba walikuwa watoto wa ndugu, na babu yao alikuwa Mbadala, baharia wa Kutch aliyefika Mombasa na kaskazi.

"Kutch ya wapi?" Bhai akauliza.

"Mandvi."

"Wazee wangu walipanda chombo hapo hapo," akasema, akakunja mkono wa shati.

Lakini hakuruhusiwa kutoa damu kabla ya kula. Mama akafungua kitunga cha daku. Juu kulikuwa na sambusa za nyama. Akazisogeza pembeni, akazifunika kwa kitambaa zisionekane wala zisinukie, akatoa tende, mahamri na mbaazi za nazi zilizokuwa kwenye chombo chake mbali. Hakuna aliyemwambia kwamba Bhai hali nyama. Miaka yote ile tumenunua kwake leso za harusi, za arubaini, za eda, na hatukuwahi kumuuliza hata jina, lakini hilo Mama alilijua. Bhai alikula pole pole. Mbaazi alizimaliza mpaka mwisho, akafuta chombo kwa kipande cha hamri.

Kisha akalala kitandani, sindano ikaingia.

Painti moja. Ikabidi ipimwe kwanza ukimwi, homa ya ini na kaswende, ndipo iandikwe jina la Mwanakombo. Ilipoanza kudondoka kwenye mpira, tone, tone, shemeji yangu aliegemea ukuta akalia bila sauti. Daktari alitazama kipimo, akatuita pembeni.

"Damu imeacha kutoka, alhamdulillahi. Lakini iliyobaki mwilini ni kidogo mno. Hii moja haitoshi. Nataka nyingine kabla ya mapambazuko."

"Toa kwangu," Bhai akasema nyuma yetu. Alikuwa amekwisha inuka, kiganja kimebana pamba.

"Haiwezekani, mzee. Una miaka 63. Mpaka miezi mitatu ipite."

Bhai akarudi kuketi. Alinyamaza kwa muda mrefu, akipapasa ncha ya leso yangu kwa vidole viwili kama afanyavyo dukani akipima uzito wa pamba.

"Kuna mwingine," akasema mwishowe. "Mama yetu alipopasuliwa mwaka 1984 tulipimwa watoto wote sita. Tuliokuwa nayo ni wawili. Mimi, na dada yangu mdogo, Kanta."

"Yuko wapi?" tukauliza kwa pamoja.

"Alikufa." Akameza mate. "Hapana. Tulisema amekufa. Mwaka 1991 aliolewa na Mwislamu. Baba akashusha picha zake ukutani, tukaoga wote kama tunaotoka mazishini. Mwaka uliofuata, Desemba, msikiti ulibomolewa kule Ayodhya, watu wakauana India nzima. Wiki ile ile Kanta akaja dukani. Alisimama kizingitini akasema, 'Kaka, nimekuja kukujulia hali.' Nikavuta mlango wa chuma mpaka chini, naye yuko nje."

Aliyasema hayo akinitazama usoni, mimi na mtandio wangu, wala hakuyakwepa macho yangu.

"Nasikia yuko Mji wa Kale. Jina lake la sasa silijui. Sikuwahi kuuliza."

"Mji wa Kale una wanawake wangapi, Bhai!" Ami akasema kwa uchungu.

"Ana alama. Bibi yetu alimchanja kwa sindano, kule Kutch, akiwa mtoto. Nukta tatu hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake wa kulia. "Mbili chini, moja juu. Rangi ya kijani."

Moyo ulinipiga kishindo.

Nina miaka sita, nimeketi mkekani chuoni Kibokoni. Mkono mweupe umeshika kijiti, unapita juu ya juzuu: alif, baa, taa, thaa. Na pale kwenye thaa, herufi yenye nukta tatu, sisi watoto tunasukumana na kucheka, kwa sababu Maalim ana thaa mkononi.

"Maalim Maryam," nikasema. Nilikwisha kuwa ngazini.

Tuktuk ilinishusha karibu na Ngome ya Yesu, nikakimbia vichochoroni. Wapiga daku walikuwa wanapita na ngoma zao, taa zinawashwa dirisha baada ya dirisha. Maalim alinifungulia mwenyewe, mwiko mkononi, harufu ya uji wa pilipili manga nyuma yake.

"Rukia! Kuna nini, mwanangu?"

Nilimweleza ya Mwanakombo kwa pumzi moja. Alikwisha unyoosha mkono kwenye msumari, kulichukua buibui, pale niliposema, "Kaka yako ameshatoa, Maalim. Ndiye aliyetuambia tumtafute Kanta."

Mkono ukasimama hewani.

"Kanta walimwogea maji," akasema, taratibu sana. Mlango ukafungwa, komeo likalia.

Simu ikatetemeka. Ilikuwa namba ya maabara, lakini sauti ilikuwa ya Bhai. "Yuko hapo? Niwekee karibu naye."

Nikaongeza sauti, nikaibandika simu kwenye mbao. Akasema maneno machache, Kikachi, lugha ya nyanya zangu ambayo sikurithi hata neno. Akanyamaza. Ndani, kitu kikaanguka sakafuni kikavunjika.

Komeo likasogea.

Aliyefungua hakuwa Maalim. Alikuwa kijana mrefu, nisiyewahi kumwona chuoni, mwenye paji la uso na nyusi za Bhai mtupu. Akaipokonya simu mkononi mwangu.

"Wewe ndiye uliyemfungia mama yangu mlango?" akasema ndani ya simu. "Basi sikiliza, mjomba. Mama haendi popote mpaka wewe..."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO