Gesi Isiyo na Harufu: Historia Fupi ya Kiyoyozi Kinachoacha Kupoza

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na leo sitaandika kuhusu kompyuta. Nataka kuwasimulia habari za kiyoyozi cha gari langu, ambacho kiliacha kupoza mara tatu katika mwaka mmoja. Mara mbili za kwanza nililipa, nikaongezwa gesi, nikaenda zangu.

Mara ya tatu tulikuwa njiani kwenda Mombasa, Mama yuko kiti cha nyuma. Mama ana shinikizo la damu na joto humwangusha haraka. Tulipopita Mtito Andei upepo ukaanza kupoteza baridi, na kufika Voi ulikuwa unatoka moto. Feni inazunguka, taa ya kitufe inawaka, dashibodi haina onyo lolote. Fundi wa kando ya barabara akafungua boneti na kutazama kompresa.

"Boss, klachi haishiki. Gesi imepungua, kwa hivyo swichi ya presha imeikata. Nikuunganishie waya hapa uipite hiyo swichi, ufike nayo Mombasa?"

Karibu nikubali! Lakini mimi huandika programu, na nimewahi kufuta mstari wa ukaguzi ili tu programu isisimame. Najua kinachofuata. Oili inayolainisha kompresa husafirishwa na gesi yenyewe. Gesi ikipungua, oili hairudi, na kompresa ikilazimishwa kuzunguka hujisaga hadi ikwame. Swichi ile haikuwa imeharibika. Ndiyo peke yake iliyokuwa ikisema ukweli. Nikamshukuru fundi, tukafungua madirisha, Mama akalowesha leso akajifunga shingoni, tukaendelea polepole.

Sasa swali. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Kompresa huibana, ikapata moto. Ikapita kwenye kondensa mbele ya rejeta, ikapoa na kuwa kioevu. Ikapenyezwa kwenye tundu jembamba, ikachemka ndani ya paipu zilizo nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la ndani ya gari. Kisha ikarudi kwa kompresa. Ni mzunguko uliofungwa. Ikipungua, imetoka nje. Basi mbona hatukunusa kitu mara zote tatu?

Jibu liko katika miaka ya 1920. Friji za wakati ule zilitumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili. Amonia na dioksidi ya salfa zikivuja utajua tu, macho yanawaka na unakimbia. Lakini watu walilala nazo nyumbani, na wengine hawakuamka. Albert Einstein na mwenzake Leó Szilárd walishtushwa na habari za familia moja ya Berlin iliyokufa kwa gesi ya friji, na kuanzia 1926 wakaomba hataza za friji isiyo na sehemu zinazozunguka. Hoja yao ilikuwa rahisi: mahali ekseli inapotoka nje ya kompresa panahitaji sili, na sili ndiyo huvuja. Ondoa ekseli, umeondoa mvujo. Friji zao hazikuwahi kufika madukani, lakini kampuni ya General Electric ilifanya jambo la karibu na hilo mwaka 1927: ikaifungia mota pamoja na kompresa ndani ya chombo kimoja. Ndiyo maana friji ya nyumbani inaweza kukaa miaka ishirini bila kuongezwa gesi.

Thomas Midgley wa General Motors alichukua njia nyingine. Badala ya kuzuia mvujo, alitafuta gesi ambayo ikivuja haitadhuru mtu. (Ndiye huyo huyo aliyeleta risasi katika petroli. Sijui mwanadamu mwingine aliyefanya makosa mawili makubwa kiasi hicho kwa nia njema.) Yeye na wenzake waliipata gesi hiyo 1928, ile iliyokuja kuitwa R-12. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wa Marekani, alivuta pumzi yake kisha akaipuliza juu ya mshumaa, ukazimika. Haiui, haiwaki, haina harufu ya kukukimbiza.

Gari lilihitaji gesi ya namna hiyo kuliko friji. Kompresa ya gari huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hivyo ekseli lazima itoke nje. Injini hutikisika, kwa hivyo sehemu za paipu lazima ziwe za mpira. Mvujo uko ndani ya mchoro tangu mwanzo. Packard walipotangaza gari lenye kiyoyozi mwishoni mwa 1939, kilikuwa kimejaa nyuma kwenye buti na hakikuwa na klachi: ukitaka kukizima unasimama, unafungua boneti na kuutoa mkanda kwa mkono! Miaka miwili hivi wakaachana nacho. Mwaka 1954 Nash wakakusanya mfumo wote mbele ya gari, na mtindo ukaenea. Gesi ikivuja, unaongeza. Ilikuwa rahisi kupatikana na hakuna aliyekohoa, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kutafuta tundu.

Aliyeisoma kumbukumbu ya makosa, kama tunavyosema sisi wa programu, alikuwa James Lovelock. Kati ya 1971 na 1972 alisafiri kwa meli kutoka Uingereza hadi Antaktika akiwa na kifaa alichokibuni mwenyewe, akakuta gesi za jamii hii hewani kila alikopima. Zote zilizokuwa "zimeisha" kwenye magari, friji na makopo ya kupuliza zilikuwa bado zipo. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaeleza mwisho wake: hupanda juu, mwanga wa jua huzivunja, na klorini yake hula ozoni. Mwaka 1985 Waingereza wakaripoti ozoni iliyopungua vibaya juu ya Antaktika, na Septemba 1987 mkataba wa Montreal ukatiwa saini. Mmisri Mostafa Tolba, mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililoko Gigiri, ndiye aliyesukuma mazungumzo yale, na sekretarieti ya ozoni iko hapo hapo Nairobi.

Magari yakahamia R-134a katika miaka ya 1990. Haina klorini, ozoni haiigusi. Lakini ndani ya miaka 100 hushika joto takriban mara 1,430 kuliko uzito sawa wa kaboni dioksidi. Gari dogo hubeba gramu 450 hivi. Zikitoka zote ni sawa na kilo 640. Ndiyo sababu mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali kukubaliana kuipunguza nayo. Na bado haina harufu.

Mombasa nilielekezwa kwa mzee mmoja. Nikamwambia, "Mzee, niongezee gesi." Akacheka. "Kijana wangu, gesi haiishi. Huenda. Tutazame imeendea wapi."

Akaunganisha geji gari likiwa limezimwa: psi 97 hivi, siku ya nyuzi 30. Nikafurahi, akanizuia. Namba hiyo hufuata joto, haifuati kiasi. Ziwe gramu 400 au 200, maadamu kioevu kidogo kimebaki, geji husoma vile vile. Akatia rangi maalumu, akawasha injini, kisha akamulika taa ya buluu. Nyuma ya klachi palikuwa na mstari wa kijani unaong'aa. Sili ya ekseli, ile ile iliyomkera Einstein! Akaniuliza Nairobi huwa nakiwasha mara ngapi. Nikakiri: miezi mitano bila kukigusa, baridi yetu yatosha. Sili hulainishwa na oili inapozunguka. Ikikaa bure hukauka na kupasuka.

Sili mpya ilikuwa bei ndogo kuliko gesi niliyoongeza mara moja. Akanyonya hewa yote kwa pampu, akaacha muda kuona kama geji itapanda, haikupanda. Akapima gesi kwa mizani kulingana na gramu za kibandiko. Kisha akaandika tarehe na gramu kwenye kipande cha tepu na kukibandika chini ya boneti.

Kabla sijawasha gari Mama alikuwa ameshafunga dirisha lake.